Maneno ya Kawaida Tu

Kompyuta ya Sikio ilikufa saa nne asubuhi, katikati ya sentensi. Shahidi wa kwanza kwenye kanda alikuwa anaeleza jinsi alivyofukuzwa kazini bila barua, na Mpangaji alikuwa akimrudishia Sikio neno kwa neno kile alichokwisha kuandika. Sauti ikakwama kwenye "bila", ikavuta "laaa" ndefu, ikakatika. Ikafuata harufu ya kitu kilichoungua.

"Mama Kitinda!" Sikio aliita. "Njoo unuse hapa."

Mkewe alitoka kwenye cherehani yake na sindano ikiwa bado mdomoni. "Mpangaji amevuta sigara?" aliuliza, kisha akaona moshi mwembamba ukitoka ubavuni mwa mashine, utani ukamwishia.

Mpangaji hakuwa mtu. Ni ile sauti ya programu inayomsomea asiyeona kila kilichomo kwenye kompyuta, na aliyempa jina hilo ni huyuhuyu Mama Kitinda, aliyelalamika miaka tisa iliyopita kwamba kuna bwana anaongea nyumbani mwake kutwa kucha na kodi halipi. Jina likanata. Hata binti yao, Kitinda, akipiga simu kutoka chuoni huko mji mwingine, alikuwa anauliza, "Baba hajambo? Na Mpangaji je?"

Kwa sauti hiyo Sikio alikuwa anaendesha maisha ya watu watatu. Ofisi ya kunukuu ilikuwa inamletea kanda za baraza la usuluhishi wa kazi, naye alizisikiliza kwa kukanyaga pedali ya mguuni, kusimamisha na kuendelea, huku vidole vikiandika. Jina la Sikio walimpa huko ofisini. Wanukuzi wenye macho walikuwa wakiruka kikohozi na kigugumizi, yeye hakuruka. Shahidi akinyamaza, aliandika "kimya" kwenye mabano. Akilia, aliandika "analia". Alisema mtu aliyefika mbele ya baraza na kutetemeka ana haki ya kutetemeka kwake kuandikwa.

Na Mpangaji naye alikuwa hivyohivyo. Hapo ndipo penzi lao lilipokuwa, kama ni ruhusa kuliita penzi. Tangu apoteze macho akiwa na miaka kumi na mmoja, Sikio alikuwa amesomewa na watu wa kila aina, na karibu wote walimfupishia. Barua ya kurasa mbili: "Wanakusalimu tu." Gazeti zima: "Hakuna kitu leo, siasa tupu." Watu walimchagulia la kujua kama anayemtolea mtoto miba kwenye samaki. Mpangaji hakuchagua. Alisoma mpaka nukta, mpaka anwani, mpaka tangazo la dawa ya mende.

Mama Kitinda naye alikuwa akifupisha, ila kwa sababu yake. Aliishia darasa la nne. Maneno mafupi aliyamudu, yakija marefu, kidole chake kilikuwa kinasimama kwenye karatasi, pumzi inabadilika, kisha anasema, "Ni maneno ya kawaida tu, Baba Kitinda." Sikio aliisikia ile pumzi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Hakuwahi kumwambia kwamba anaisikia. Ni siri waliyolala nayo kitanda kimoja miaka ishirini na miwili.

Fundi wa kompyuta alifika mchana, akaifungua mashine, akaguna.

"Mzee, hapa hakuna cha kufufua. Bodi imeungua yote."

"Na Mpangaji?"

"Huyo usihofu, ninaye kwenye flashi. Pata kompyuta nyingine tu, nitakuja kumhamishia. Ila uwe mwangalifu unapochagua, maana siku hizi kuna mashine za kila namna."

"Mimi ndiye nitakayechagua," Sikio alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Kazi ya baraza ilitakiwa ofisini Ijumaa ya wiki inayofuata. Msimamizi wa ofisi, alipopigiwa simu, alisikitika kwa adabu zote na hakuongeza hata siku moja. Fedha iliyokuwepo ni ile ya kubadilisha bati za jikoni. Mama Kitinda aliitoa, kisha akaenda kupanga upya masufuria chini ya sehemu zinazovuja.

*

Duka lilikuwa na baridi ya mashine na muziki usio na mwimbaji. Muuzaji alikuwa kijana mwenye manukato mengi. Sikio alijua alipo kila aliposogea.

"Karibu mama. Anataka ya kufanyia nini?"

"Muulize mwenyewe," Mama Kitinda alisema. "Yuko hapa, na masikio anayo."

Muuzaji akacheka kidogo, akapandisha sauti kana kwamba macho yakizimika na masikio huenda nayo. "MZEE, TUNAYO HII HAPA, KIOO CHAKE NI BALAA. RANGI ZAKE UTAFIKIRI UNAWEZA KUZISHIKA!"

"Mwanangu," Sikio alisema taratibu, "kioo hata kikishinda cheusi mwaka mzima, mimi na wewe hatutagombana. Nipe vitufe."

Alipewa ya kwanza, akaikataa: vitufe vimelala kama sakafu, huwezi kujua kimoja kinaishia wapi. Ya pili ilikuwa ya kugusa kioo, nayo akaisukuma kando kabla muuzaji hajamaliza kuisifu. Ya tatu akatulia nayo. Vidole vilitafuta vile vijinundu viwili vya katikati, vikavikuta vimechomoza vizuri. Vikaenda kulia, na huko vikakuta kile alichokuwa akikitafuta: kundi la vitufe vya namba, pembeni, limejitenga. Kwa vitufe hivyo ndivyo alivyokuwa akimwamuru Mpangaji arudi nyuma neno moja, asome mstari, anyamaze. Akatafuta tundu la kuchomekea vya masikioni, akalipata. Tundu la pedali, akalipata. Kisha akabana vitufe vitatu kwa pamoja, na kompyuta ikaanza kuongea.

Haikuwa sauti ya Mpangaji. Ilikuwa ya mgeni fulani wa kiwandani. Lakini Sikio alicheka mpaka mabega yakacheza. Watu dukani wakasogea. Mmoja akamwambia mwenzake, "Angalia, anaandika bila kuona," na Mama Kitinda akaona simu mbili zimeinuliwa kumpiga picha mumewe. Akasimama mbele yake, akawapa kisogo.

"Inapokea programu za kuwekewa kutoka nje?" Sikio aliuliza.

"Inapokea kila kitu, mzee. Tena leo iko kwenye ofa."

Bei ya ofa ililingana na fedha ya bati, ikabaki nauli. Sikio aliona dunia imekumbuka kwamba naye yumo. "Basi nipe hii."

"Hiyo ni ya maonyesho, haiuzwi. Yako iko kwenye boksi, mpya kabisa."

"Ni hiihii?"

"Hiihii."

"Fungua niishike."

"Mzee, nikifungua imeshakuwa yako. Utaratibu ni kusaini kwanza." Karatasi ikateleza juu ya kaunta. "Mama atakusomea."

Mama Kitinda alivuta karatasi. Sikio akasikia kidole kikitua.

"Mimi..." alianza. "Mimi mnu... mnunuzi... nakiri..."

Nyuma yao foleni ilikuwa imekua. Mtu akasonya. Mwingine akauliza kama kaunta ni moja tu duka zima. Muuzaji alikuwa akigonga kalamu juu ya kioo, ko, ko, ko, na Sikio akaisikia ile pumzi ya mkewe ikibadilika, kisha akasikia kitu kingine ambacho hakuwahi kukisikia kwake: alikuwa anameza mate kama mtu anayezuia kilio.

"Ni maneno ya kawaida tu, Baba Kitinda."

Sikio alijua. Alijua kama anavyojua njia ya chooni kwake. Angeweza kusema, soma yote, mama, watasubiri. Angeweza kumwambia muuzaji asome yeye, na kila mtu kwenye ile foleni angeelewa kwa nini. Akafikiria uso wa mkewe ambao hajawahi kuuona, umesimama mbele ya watu wasiomjua.

"Nionyesheni pa kusaini," alisema.

"Wino huu hapa," muuzaji alisema, na kabla Sikio hajasema kwamba anajua kuandika jina lake, kidole gumba chake kilikuwa kimeshikwa, kikabandikwa kwenye wino na kukandamizwa kwenye karatasi. "Mtafungulia nyumbani, hapa watu wamejaa. Anayefuata!"

*

Nyumbani aliifungua mwenyewe mezani pale penye alama za ile ya zamani. Alitoa karatasi ngumu, akatoa vipande vya povu gumu, akaiweka mbele yake. Mikono ikashuka kwenye vitufe. Vijinundu viwili vilikuwepo. Mkono wa kulia ukaenda kulia, ukaangukia mezani.

Akaurudisha, ukaenda tena, ukaangukia mezani tena.

"Siyo yenyewe," alisema.

"Acha wasiwasi. Ni yenyewe kabisa," Mama Kitinda alisema. "Rangi ileile ya majivu. Hata ile alama ya mgongoni ipo."

"Vitufe vya namba viko wapi?"

Mkewe aliangalia, akaangalia boksi, akaangalia tena. Machoni pake ile ya dukani na hii zilikuwa mapacha. "Labda... labda vimejificha," alisema, na hakuna aliyecheka.

Kesho yake Fundi alihangaika nayo saa nzima, akapiga simu kwa mwenzake, akajaribu tena. Mwisho akaifunga.

"Mzee, hii ni dada yake tu na ile uliyoishika. Hii ni ya wanafunzi, ya kufanyia mambo ya mtandaoni. Haipokei programu ya kutoka nje. Mpangaji haingii. Ile programu ya ofisini kwako nayo haiingii, na pedali haitambui."

"Haina sauti yake yenyewe?"

Fundi akaiwasha wasikie. Sauti ya kiwandani ikachukua sentensi ya Kiswahili na kuitafuna kama mtu anayeongea na chakula moto mdomoni. Walisikiliza mstari mzima bila kupata neno.

"Imeandikwa hapa kwenye boksi," Fundi alisema kwa upole. "Kwa maandishi madogo. Na bila shaka hata kwenye karatasi yao."

Mama Kitinda alikuwa mlangoni. Alirudi kwenye cherehani, lakini haikulia.

*

Meneja wa duka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowavunja nguvu zaidi. Aliwapa viti. Akatoa nakala yenye alama ya kidole gumba, akaisoma kwa sauti nzuri iliyonyooka, kama mtangazaji wa redio.

"'Mimi mnunuzi nakiri kwamba nimeelezwa aina ya bidhaa iliyotajwa hapo juu na nimeridhika kuwa ndiyo ninayoihitaji. Naelewa kwamba aina hii haipokei programu za nje. Naelewa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi wala kubadilishwa.' Ni hayo tu, mzee. Mistari mitatu."

Mistari mitatu. Sikio alikaa na boksi juu ya magoti.

"Kijana wako aliniambia ni hiihii," alisema.

"Kwa macho ni hiihii. Ninachoweza ni kuichukua kama iliyotumika, kwa nusu ya bei. Mkiongeza bei nyingine nzima na nusu, mtapata ile mnayoitaka."

"Nyingine na nusu tuitoe wapi, baba?" Mama Kitinda aliuliza.

"Lakini mzee," meneja akaendelea, "samahani kuuliza. Si ulikuja na msomaji wako? Hakukusomea?"

Sikio alisikia viatu vya mkewe vikisogea sakafuni, kimoja kikipanda juu ya kingine. Jibu la kweli lilikuwa fupi. Pengine lingemlainisha yule meneja. Pengine angesema, basi, kwa kuwa hamkusomewa. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Alinisomea," Sikio alisema. "Alinisomea vizuri. Mimi ndiye sikutia akilini."

"Basi hapo mzee wangu mikono yangu imefungwa."

Walirudi nyumbani. Njiani alikuwa amemshika mkewe kiwikoni kama siku zote.

*

Zilikuwa zimebaki siku nne. Kitu pekee ambacho mashine ile ilikubali ni kucheza kanda na kuandikwa juu yake na mtu anayeona. Bila Mpangaji wa kumrudishia alichoandika, Sikio hakuthubutu kuandika mwenyewe; kwa hiyo alisikiliza, akasema kwa sauti, na Mama Kitinda akaandika kwa kidole kimoja. Sare za shule alizokuwa ameahidi kushona zilibaki zimekatwa nusu.

"'Nilimwambia msimamizi wa zamu.'"

"Nilim... ngoja. M iko wapi hii? Ngoja, nimeiona. Haya."

Shauri lilikuwa la wafanyakazi wa kiwanda. Shahidi wa pili, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, aliombwa kutaja wenzake waliofukuzwa pamoja naye. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, kila mmoja na mashine aliyokuwa akisimamia, polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya ajali. Sikio akayarudia majina. Alisikia kidole cha mkewe kikitafuta, kikigonga, kikifuta, kikigonga. Jua lilikuwa limeshahama dirisha na mgongo wa mkewe ulikuwa unamuuma. Sikio alijua, kwa sababu alimsikia akijinyoosha kila baada ya neno.

"Umeyapata yote?" aliuliza.

"Nimeandika."

"Yote, mama?"

"Nimeandika, Baba Kitinda. Endelea."

Kwa Mpangaji angebonyeza kitufe kimoja, akasikia. Sasa mbele yake kulikuwa na bamba lenye joto lisilosema kitu, na pembeni yake mwanamke aliyechoka kwa ajili yake. Akaendelea. Ijumaa jioni Fundi akaituma kazi kwa mtandao, na usiku huo Sikio alilala kama gogo.

Barua ililetwa na tarishi wa ofisi Alhamisi iliyofuata. Tarishi hakukaa hata kunywa maji, na kwa hilo tu Sikio alijua.

Mama Kitinda aliichana bahasha, akakaa mbele yake. Kidole kikatua kwenye karatasi. Sikio alisubiri maneno aliyoyazoea, na safari hii aliyatamani. Alikuwa tayari kuyapokea na kuyaamini.

"Sa-ndu-ku," mkewe alianza. "Sanduku la Posta. Namba sita, sifuri, tatu."

"Hilo si lazima."

"Simu," aliendelea, akaisoma namba yote, tarakimu baada ya tarakimu. "Tarehe." Akaisoma. "Kwa mnukuzi namba kumi na nne. Yahusu: ku-siti... kusitishwa... kwa mkataba."

Pumzi ikabadilika. Alinyamaza. Kazini, Sikio angeandika neno moja kwenye mabano.

"Mama Kitinda, inatosha."

"Haitoshi. 'Unaarifiwa kwamba nakala uliyo... uliyowasilisha imeba... imebainika kuwa na upungufu. Katika ukurasa wa saba, shahidi wa pili alitaja majina ya wenzake kumi na mmoja. Nakala yako ina majina matatu, na baada yake yameandikwa maneno...'" Sauti ikapotea, akaitafuta, akaipata. "'...maneno *na kadhalika*. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wanane hawakuingizwa kwenye shauri na baraza limewaondoa. Ofisi imelazimika kusitisha mkataba wako kuanzia leo. Tunakutakia kila la heri.'"

Akasoma jina la aliyesaini na cheo chake. Akasoma maneno yaliyozunguka muhuri, akigeuza karatasi kuyafuata. Chini kabisa kulikuwa na herufi ndogo, nakala kwa jalada. Akazisoma hizo pia.

"Yameisha," alisema. "Hakuna nililoacha."

Watu wanane hao Sikio alikuwa amewatamka kwa mdomo wake mwenyewe, na bado alikumbuka majina yao. Angeweza kuyataja pale pale, kwa mpangilio, na yasingemfaa mtu yeyote.

"Nilichoka," mkewe alisema. "Nilidhani ni majina tu."

"Najua."

"Na kule dukani..."

"Najua, mama. Tangu siku nyingi najua."

Alimsikia akiinuka, akivuta droo ya kabati. Alidhani anaihifadhi barua. Lakini alirudi akakaa palepale, na karatasi nyingine, nzito kuliko ile, ikakunjuliwa juu ya meza kando ya mashine ya rangi ya majivu. Kidole kikatua.

"Mimi," Mama Kitinda akaanza. "Mimi mnu-nuzi. Mimi mnunuzi na-kiri kwamba..."

Sikio hakumkatiza. Aliweka mikono mapajani, akamsikiliza mpaka mstari wa mwisho.